Jambo la Nne Kwenye Karatasi Yangu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, nikiwa karakanani kwangu Iringa, mpwa wangu Upendo alipiga simu kutoka Birmingham. Kwao ilikuwa saa moja na dakika kumi, kabla ya shule. "Anko, nimemfunga mama vifungo vya koti," alisema. "Mkono wa kulia haufanyi kazi. Na bado ameenda kazini." Viza nilikuwa nayo tayari, ya kuhudhuria kipaimara cha mtoto huyo. Nililipia mabadiliko ya tiketi ili niondoke wiki hiyohiyo.

Jumatano nilipanda basi hadi Dar es Salaam, na kesho yake ndege, kupitia Doha. Njiani nilisoma kurasa nilizochapa kuhusu mishipa ya kiganja. Dada yangu Neema anashona mapazia ya hoteli, na kurasa zilisema wazi kwamba kiganja kisichopumzishwa huweza kuharibika moja kwa moja.

Ijumaa mchana Neema alinipokea uwanjani. "Pole na safari, kaka." Alinipa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki mfukoni hadi tulipofika kwake Saltley, mtaa wa nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta.

Jumamosi tulikwenda Alum Rock, mtaa wa jirani wenye maduka, kununua mchele pamoja na Hodan, Msomali aliyekulia Nairobi, ambaye cherehani yake inapakana na ya Neema kiwandani. Neema alijaribu kuinua mfuko wa kilo tano, ukamponyoka.

"Mwambie dadako aende daktari," Hodan aliniambia. "Mimi nikiwa mgonjwa nasema niko mgonjwa. Supavaiza akinuna, shauri yake."

"Wewe una mdomo, Hodan."

"Na wewe uko na mkono mmoja."

Neema hakucheka. Alipoajiriwa, alinieleza, alikuwa Mwafrika pekee kiwandani. Mwaka mzima hakukosa siku, ndipo wakamchukua Hodan na mama mmoja Mkongo. Yule Mkongo alipougua mgongo mara mbili, aliyeitwa ofisini ni Neema: watu wenu hawa vipi?

"Sasa na mimi nikilala nyumbani," alisema, "nani wetu atachukuliwa tena?"

"Mzungu akichelewa, amechelewa yeye na saa yake," alisema Hodan. "Hakuna anayeitwa kumjibia."

Jioni, jikoni, nilimuuliza Neema ni nani aliyemtwika kazi ya kuwajibia Waafrika wote.

"Wewe."

Nilidhani ananitania.

"Siku ya kuniaga ulisoma mambo manne kwenye karatasi, kaka."

Nilikumbuka matatu: aweke akiba, asiache kusali, ampigie mama kila Jumapili. La nne alilisema yeye, neno kwa neno, baada ya miaka kumi na mmoja: "Huko hutaitwa Neema, utaitwa Mwafrika. Ukianguka, tumeanguka sote." Hapo nikayakumbuka makofi. Ukoo mzima ulipiga makofi, nami niliketi nikiwa nimeridhika sana.

"La nne nalifuta," nilimwambia.

"Halifutiki hivyo. Hodan yuko pale kwa sababu sikukosa siku."

Alisema kweli. Kisha nikasema, "Ukilitaka, liwe lako. Lisiwe agizo langu. Lakini Waafrika wote wana mikono yao, Neema. Upendo anafunga vifungo vyako wewe."

Jumatatu alfajiri aliifanyia mazoezi sentensi moja mara mbili, kisha akapiga simu kazini. Msimamizi alijibu "sawa", akakata. Neema aliitazama simu kwa muda mrefu. Hatukujua ilikuwa sawa ya namna gani. Jumatano daktari alimfunga kiganja na kumpa wiki mbili za kupumzika.

Baada ya kipaimara nilirudi Iringa. Neema alikuwa amesharudi kazini, na cherehani yake alikuwa ameikuta mahali pake. Kama nafasi inayofuata atapewa Mwafrika, sijui. Wapo wanaotuhesabu kwa mafungu, na hao siwezi kuwabadili kutoka huku. Ila karatasi ile niliiandika mimi. Mwezi uliopita tulimuaga binamu yetu anayekwenda ng'ambo, nikaombwa kunena. Nilisoma mambo matatu, nikaketi.

Siku tatu za kwanza za ugonjwa hazilipwi kiwandani kwao. Kwa siku hizo Neema alipoteza pauni mia mbili themanini na tano.