Ukoo Mkubwa wa Mura

Kazi yangu ni kupitisha malori mpakani, pale Sirari. Nikikabidhiwa lori asubuhi, jioni liko Isebania, ng'ambo ya pili, na kila karatasi ina mhuri wake. Kwa hiyo bibi yangu, mzaa baba, aliponiambia anahitaji cheti chake cha ndoa, nilimjibu kwa majivuno ya mtaalamu: "Bibi, hiyo ni kazi ya siku moja." Ilichukua miezi minne.

Chanzo chake kilikuwa kompyuta. Kanisa lao kule Itiryo lilipata katibu mpya, na katibu akapata kompyuta. Mtu akishaipata lazima aiulize kitu. Akaiuliza nani ameoa nani, ikamjibu kuwa nusu ya wazee wa kijiji, wenye vitukuu, haiwajui. Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo kwamba asiye na cheti cha ndoa ya kanisani hatazikwa kwa ibada ya kanisa.

Bibi ameimba kwaya ya kanisa hilo tangu lilipokuwa la nyasi. Miguu yake sasa imevimba, na kila usiku anaaga kama msafiri. Kufa hakumtishi. "Nimewaimbia wafu wa kijiji hiki chote," aliniambia. "Mimi nizikwe kimya?"

Nikamuuliza alifunga ndoa mwaka gani.

"Mwaka siujui. Ni ule baba yangu alipomkataa ng'ombe wa pembe moja."

Hadithi hiyo tuliijua wote nyumbani. Babu alileta mahari, baba mkwe akaona ng'ombe mmoja ana pembe moja, akasema binti yake ana macho mawili na masikio mawili, hawezi kubadilishwa na mnyama nusu. Watu wakasubiri kanisani mpaka aletwe mwingine. Kwa bahati mbaya, fomu ya katibu haikuwa na mahali pa kuandika pembe.

Katibu alinipokea vizuri, akaniketisha mbele ya kompyuta kama mgonjwa mbele ya daktari. Akasema vitabu vya ndoa vya zamani havionekani. Kilichobaki ni faharasa, yaani orodha ya majina iliyoandikwa kwa mkono na karani wa kwanza, ikifuata majina ya waume. Wanawake, nadhani, walionekana watajipata wenyewe. Mchwa walikuwa wameanza kula herufi A wakafika L bila haraka. Jina la babu, nilivyodhani, lilikuwa tumboni mwao.

Nikaendelea kufunua tu kwa kukosa la kufanya. Kwenye M nikakutana na bwana arusi aliyeitwa Mura. Chini yake Mura. Chini yake tena Mura.

Kwa asiye wa kwetu niseme hivi: mura ni kijana wa kiume. Ndivyo tunavyoitana. Simama sokoni Tarime uite "Mura!" uone wanaume wangapi watageuka, na mbuzi wawili watatu. Si jina la kuandikia cheti. Lakini yule karani alitoka mbali, Kikurya hakukijua, na alikuwa mtu wa bidii. Aliorodhesha Mura kumi na mmoja, na mbele ya mmoja wao akaandika, "Tazama Mura." Pembeni, kwa wino mwekundu, akaongeza: "Ukoo mkubwa sana."

"Katibu, mmoja wa hawa ni babu yangu," nikasema.

"Yupi?"

"Sijui."

"Basi kompyuta itakataa. Haipendi majina yanayojirudia."

Nilitamani kumwambia aende kuoa hiyo kompyuta, ila nilikumbuka miguu ya Bibi, nikaifunga faharasa. Nikaanza kuulizauliza kwa wazee vitabu vyenyewe vilikokwenda. Nilipoteza wikendi nyingi mpaka mmoja akakumbuka kuwa karani alipostaafu alihamia Ringwani, kule Serengeti, akaondoka na vitabu kwa sababu hakuna aliyemwambia aviache.

Karani mwenyewe alishafariki. Nilimkuta binti yake, naye sasa mama mtu mzima, anaanua mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Karibu, kaa."

Nikaeleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, nikamfuata. Kitabu cha ndoa kilikuwa chini ya mguu wa kabati la vyombo.

"Baba alisema ipo siku mtu atakuja kukiuliza," akasema. "Umechelewa. Kabati limeshakizoea."

Tukatafuta tofali, tukalinyanyua kabati, nikakaa sakafuni na ule ukoo mkubwa. Kila ndoa ilikuwa na namba, jina la mume na nafasi ndogo ya maelezo. Mura wa kwanza alikuja bila shahidi. Wa nne alikohoa sana wakati wa kiapo. Wa saba ndiye huyu: "Mura. Ibada imechelewa hadi jua kuchwa. Ng'ombe mweupe, baka jeusi shavuni, pembe moja ya kushoto, amekataliwa na baba wa bibi arusi."

Nilicheka kwa sauti, kisha machozi yakanitoka mbele ya mama wa watu. Ng'ombe aliyekataliwa alikuwa na maelezo kamili kuliko babu yangu.

Nikarudi Itiryo na kitabu, nikijua nimeshinda. Wazee wa kanisa wakaitishwa, Bibi akaletwa kwa pikipiki, akakalishwa benchi la mbele. Katibu akasimama na kusoma.

"Mume: Mura." Akainua macho. "Huyu Mura ni nani?"

Wazee watatu wakaitika kwa mazoea.

Kicheko kilipoisha, Bibi akasema, "Kosa ni langu. Karani aliniuliza mimi mume wangu ni nani. Baba yangu amesimama hapa, mkwe wangu amesimama pale. Ningetajaje jina la mume? Nikamwonyesha kwa macho, nikasema, ni yule mura. Na wenzangu walijibu hivyo hivyo."

"Sawa, Bibi," katibu akasema kwa upole, vidole tayari juu ya kompyuta. "Sasa litaje tu, niandike, yaishe."

Hakuna mle ndani ambaye hakulijua. Wawili wao walimbeba babu kaburini. Nikasema nitalitaja mimi. Katibu akasema utaratibu unamtaka mwenza aliye hai.

Kwetu mke halitamki jina la mumewe, na sikuwahi kumsikia Bibi akilitaja. Maisha yake yote alimwita baba wa mtoto wao wa kwanza, na alipofariki akawa "mwenye nyumba". Akainuka kwa shida, akashika benchi, akajifunika kanga usoni kama siku ile ya harusi. Akalitaja.

Alilitaja chini chini mno, katibu akamwomba arudie.

"Mara moja inatosha," Bibi akasema, akakaa.

Mimi ndiye niliyemtajia katibu herufi, moja moja. Cheti kikatoka kwenye mashine kikiwa bado na joto, na jina limechapwa vizuri. Hapa silitaji. Yeye limemgharimu kulitoa mara moja, mimi nilitawanye bure?

Njiani tulikwenda polepole kwa miguu, maana pikipiki aliikataa. Nilimwambia sasa ataimbiwa, kwaya nzima, beti zote. Tulipofika karibu na kaburi la babu, pale kwenye uzio wa minyaa, akasimama.

"Unadhani atanisamehe?"

"Mungu, Bibi? Kwa lipi?"

"Mungu sina ugomvi naye," akasema. "Namuulizia mura wangu."