Askari Ameianika Kamera Yangu Juani

Jamani, leo askari wamenisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, kamera shingoni!

Ndani ya kamera kulikuwa na picha za arusi ya dada yangu Nakato, tuliyotoka kuifanya asubuhi hii Nateete.

Na alikuwemo Mzee wetu, aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya Mulago leo tu ili amsindikize bintiye kanisani.

Basi naelekea studio mjini, karibu na Old Kampala askari akaninyooshea mkono, na Kiswahili chake cha kambini:

"Wewe! Napiga picha ya kambi?"

"Hapana, afande. Ni arusi."

"Fungua. Jua naua picha yote."

Nikafungua mgongo wa kamera. Akaielekeza juani, akasubiri, akacheka.

"Imekufa."

Nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Sasa nyinyi mnaonicheka kwamba nailea kamera hii kama mtoto mchanga, sikieni. Nikishapiga picha ya mwisho, siondoki pale nilipo kabla sijaizungusha filamu yote ikarudi ndani ya kopo lake. Leo niliizungusha mlangoni mwa kanisa.

Lililoota jua ni kopo tu!

Studio wameshazisafisha picha. Zote zimetoka! Pichani Mzee anacheka kuliko bibi arusi.

Tatizo ni moja. Alipomaliza kuziua picha zangu, yule askari alifunga vifungo vya shati, akatunisha kifua. "Sasa piga mimi."

Nikabonyeza, filamu imejifungia koponi.

Anaisubiri picha yake pale pale kwenye kizuizi.

Watu wa Nateete, nirudi nyumbani kwa njia ipi?