Kamera Ndani ya Kikapu

Kazi yangu ni kutengeneza vipeperushi vya shule na vyuo: napiga picha, napanga kurasa, kisha napeleka kwa mpiga chapa. Sina subira na mtu anayenifundisha kazi yangu mwenyewe. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonitia aibu Mji wa Kale.

Shule yenyewe ni ndogo, imo ndani ya nyumba ya ghorofa tatu yenye roshani ya mbao iliyochongwa. Mwalimu mkuu, mama asiyependa maneno mengi, aliniambia wazi kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Darasa la kwanza lilikuwa limeandikisha watoto saba tu. Wenye shule walikuwa wameshakata shauri: wasipofika ishirini kabla ya muhula kuanza, watoto wote watahamishiwa shule yao nyingine kule Tudor na nyumba itakodishwa. Kipeperushi cha zamani kilionyesha mlango peke yake, na wazazi wa mbali walidhani ni duka la halua. Alitaka watu waione shule nzima.

Shida ilikuwa njia. Ni nyembamba hata ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Nililala chali, nikapanda ngazi, nikatumia lenzi pana, na kila picha nyumba ilitoka imepinda kama mgonjwa anayetafuta pa kuegemea. Kamera ya kuruka nayo haikufaa, maana juu kote ni nyaya za stima. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuipata yote: dirisha la juu la nyumba iliyo pale njia inapokata kona.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, naye alikuwa amekaa eda. Mwanamume asiye maharimu wake hapandi ngazi zile mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Mpiga chapa alikuwa akinisubiri kesho yake. Mwalimu mkuu akaenda kwa mjane huyo, jirani yake, kutaka shauri, akarudi na jibu: kamera ipande, mimi nibaki chini.

Nilikasirika, sifichi. Kamera ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Nikasema basi bora mwalimu mkuu apande apige yeye. Akaniambia ameshajitolea na amekataliwa, dirisha ni la mwenyewe na picha atapiga mwenyewe. Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kikapu cha ukindu kikateremshwa kwa kamba kutoka dirishani, kile anachonunulia mboga na mkate. Nikaitegesha kamera iweze kujipimia mwanga yenyewe, nikaufunga mkanda wake kwenye mkono wa kikapu, nikasoma dua zote nizijuazo. Ikapanda.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeupata ukuta vizuri na njia ni tupu. Nikapaza sauti kwamba sasa ndio wakati. Ubao wa dirisha haukusogea. Saa tano, vile vile. Nikaanza kumsomesha kutoka chini habari za mwanga na vivuli, nikijiona bingwa, mpaka sauti ikatoka nyuma ya ubao wa dirisha, taratibu kabisa.

"Skuli hii naitizama tangu nilipoolewa, mwanangu. Wewe umekuja yeo. Kaa kitako."

Nikakaa.

Saa sita na nusu kengele ikalia na watoto wadogo wakamwagika njiani. Hawakwenda zao. Walisimama, wakainua nyuso kulielekea lile dirisha, wakamwamkia bibi kwa sauti moja. Mwalimu mkuu aliniambia ndiyo desturi yao, na kwamba tangu msiba dirisha lilikuwa likifungwa, na watoto wakaendelea kuliamkia vivyo hivyo kila siku. Siku ile ubao ukasogea kidogo.

Kamera ilishuka na picha moja. Imelala upande kiasi, na waya wa stima umeikata roshani. Lakini shule ilikuwemo yote, kuanzia paa hadi kizingiti, na mbele yake watoto wanacheka, kila uso umeelekea juu. Nimepiga picha watoto miaka mingi na hakuna aliyewahi kunitazama vile. Nilimwonea wivu yule mama, kisha nikamvulia kofia. Sikuigusa picha yake, hata kuinyoosha.

Vipeperushi vilisambazwa Bondeni, Makupa, mpaka Tudor kwenyewe. Wiki ya mwisho kabla ya muhula nilipita ofisini na kukuta wameandikishwa kumi na tisa. Mbele ya meza alisimama mama aliyetoka Makupa, amemshika bintiye mkono. Hakuuliza ada wala matokeo ya mitihani. Alikuwa ameweka kidole juu ya zile nyuso.

"Hawa wamtizama nani?"

"Jirani," mwalimu mkuu akasema.

Yule mama akavuta kiti, akaomba kalamu.