Bwana wa Kidole

Mume wangu aliniacha nikiwa na miaka arobaini na moja. Alilitangaza hilo mezani, mbele ya dada yake na wageni wa Jumapili, huku amechovya kidole cha mwisho kwenye chai kupima joto, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yetu. "Mwanamke wa umri huu, mapenzi ya nini? Akazane na kwaya." Wageni wakacheka. Nikaondoka mtaa wetu wa Sombetini na begi moja.

Nilizunguka. Mbeya nilipika mgahawani, Tanga nikauza vitenge, Singida hata sikumbuki vizuri nilifanya nini. Kila mji niliuchoka kwa sababu nikifungua dirisha asubuhi sikuuona mlima wetu, Meru. Mwaka wa tano nikarudi, nikapanga chumba Olasiti, si mbali na Sombetini, nikaanza kuandika hadithi ya mapenzi kwenye simu. Kila Jumamosi nilituma sura moja kwenye kundi la WhatsApp la kina mama. Wifi yangu naye alikuwemo.

Mhusika wangu alikuwa muuza ndizi wa miaka hamsini na mbili, aliyeachwa, magoti yanalia akipanda ngazi. Fundi saa wa Levolosi alimpenda hivyo hivyo, na walipobusiana miwani yao iligongana. Kisha nikamwingiza mume wa zamani. Sikumpa jina. Nilimpa kidole tu, kile cha kupimia chai.

Nusu ya Sombetini ilikuwa imekunywa chai kwetu. Sura ya tatu haijamaliza saa moja kundini, sauti zikaanza kuingia: "Jamani, huyu si yule mzee wetu wa duka la mabati?" Halafu vicheko. Nilivisikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwezi haukuisha mume wangu wa zamani akaja kwangu mchana, amefuatana na dada yake, mkononi ana jani la isale. Kwao Kilimanjaro, ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Alilijua hilo, na alijua kwamba mimi nalijua.

"Wifi, umemmaliza kaka yangu," dada akaanza. "Juzi harusini wamemletea kijiko kwenye sinia, eti apimie chai. Ukumbi mzima ukapiga makofi."

"Kijiko si kizuri? Kidole kitapona."

Kaka mtu akaninyooshea jani. "Nimekosa. Nipokee. Na huyo mtu wa kidole umfute kwenye hadithi, mama. Watu hawatasahau."

"Wageni wale wa Jumapili wamesahau?"

Nikalipokea jani. Walipokuwa wanatoka nikamsikia akimnong'oneza dada yake, "Si nilikwambia hawezi kukataa?"

Nikakaa papo hapo kuandika sura ya mwisho. Mume wa zamani analeta isale. Mama wa ndizi analipokea, anamsamehe kwa moyo wote, halafu anamwalika kwenye harusi yake na fundi saa. Anamketisha meza ya mbele. Anammiminia chai mwenyewe, inatoa mvuke, kisha anasimama pembeni na shela lake, anasubiri. Ukumbi mzima unasubiri. Hadithi inaishia kidole kikiwa juu ya kikombe.

Nikaituma. Sauti ya kwanza ikaingia. Ilikuwa ya wifi yangu, anacheka mpaka anakohoa.

Jani liko dirishani kwenye glasi ya maji, bado kijani. Nimemsamehe, sikudanganya. Kufuta sikuahidi.