Choo Kimoja, Milango Miwili

Juzi nilikuwa dukani Suneka kununua misumari. Kwenye kaunta, binti mmoja fundi kutoka Nairobi alikuwa akionyesha mfano wa choo cha bei nafuu, kisichotumia maji. Kina mashimo mawili: moja likijaa unalifunika kwa majivu, unahamia la pili, na lile la kwanza linageuka mbolea ya migomba.

Mzee mmoja alichungulia ndani. "Changu kimebomolewa na mvua, nakitaka hiki. Lakini mke wa kijana wangu ataenda wapi?"

"Hapo hapo, mzee."

Mzee akavua kofia. "Mimi na yeye, choo kimoja?"

Binti akanitazama. Nikamweleza kwamba huku Gusii baba mkwe hatumii choo kimoja na mke wa mwanawe, ni heshima.

Akatoa penseli, akachora ukuta katikati, mlango wa pili, na mashimo mawili kila upande. Mzee akatabasamu, kisha akainama tena.

"Na mbolea? Yangu na yake zitawekwa kwa mgomba mmoja?"

Binti akachora mgomba wa pili.

Nilibeba misumari yangu nikaondoka. Hadi leo najiuliza: ndizi zikikomaa, boma hilo litazipika kwa sufuria ngapi?