Kaka Hakutaka Nilale

Mnisamehe naongea nimekaa. Siyo dharau. Kusimama muda mrefu kulishanishinda, na ndiyo habari niliyowaletea.

Miaka ya tisini nilikuwa nalima tumbaku kule Inyonga, nina nguvu za kutambia watu. Nililelewa na kaka yangu Masanja baada ya wazazi kufariki, tukajenga pamoja bani la kukaushia tumbaku. Wakati wa kukausha moto hauachwi, na joto la mle linakukamua jasho lote.

Tumbo lilinishika nikiwa kazini. Niliharisha maji matupu, nikatapika, na kesho yake bado nachochea moto kwa ubishi wangu. Mdomo ulikauka. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Mchana nikachuchumaa kusukuma gogo, nikainuka, giza likanifunika, nikaenda chini.

Nawaambia kweli, pale chini akili ilianza kunirudia. Lakini kaka alikuja mbio akaninyanyua. Kwetu mgonjwa akiachwa alale, watu wanaona ameshakatiwa tamaa.

"Simama, mdogo wangu. Ukilala unakufa," aliniambia huku analia.

Nikazimia mikononi mwake. Akanitembeza uani, miguu inaburuzika. Kila nilipozinduka alinisimamisha, na kila aliponisimamisha nilizimia. Shemeji, mke wake, alimwomba anilaze, akafokewa.

Tukapata lori la kwenda Mpanda. Njia nzima kaka alinibana wima katikati yake na dereva, nikiinama ananiinua. Mkojo ulikuwa umekata kabisa.

Daktari alitukuta mlangoni mwa hospitali nimekumbatiwa hivyo, hata hakusalimia. Alisema nilazwe, miguu iwe juu, nitundikiwe dripu. Kisha akamgeukia kaka.

"Mtu akisimama damu inashuka miguuni. Mwenye afya, mwili unairudisha juu. Huyu maji yamemwisha, hakuna cha kurudisha. Kichwa kinakosa damu na figo zinakosa. Sijui kama figo zitaamka."

Kaka alikaa sakafuni kando ya kitanda changu. Akaniuliza taratibu, "Nimekuua?" Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Uso ulivimba, macho yakabaki vijitundu. Nesi akija asubuhi anaangalia chupa ya mkojo, tupu. Msidhani nililala pale nikiimba mapambio. Niliogopa sana, na wakati mwingine nilimchukia kila aliyepita wodini kwenda chooni.

Siku moja mchana yakatoka matone machache, mekundu, yanachoma kama pilipili. Kaka aliibeba ile chupa akaizungusha kitanda kwa kitanda akiwaonyesha wagonjwa, hakuna aliyemcheka. Kesho yake mkojo ukaongezeka.

Nilipona, lakini siyo wa zamani. Nikiamka nakaa kwanza kitandani, nashusha miguu, nasubiri, ndipo nainuka. Nikisahau, ukuta unazunguka. Kwenye bani sikurudi tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari. Na kaka namshukuru, maana alinishika kwa mapenzi yake yote, na ni mapenzi hayo yaliyotaka kunimaliza. Kwa hiyo nyie, mwenzenu akizimia, mlazeni chini, mumwinue miguu. Mkiharisha, kunyweni maji ya chumvi na sukari, muwahi hospitali. Mtaona vibaya kumwacha amelala kwenye vumbi, mtaona kama mmemtupa. Mlazeni hivyohivyo.