Jina Lililobaki Kisumu

Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, nilikuwa nikiandika majina kwenye saiba moja, duka la intaneti, mjini Nakuru. Watu walikuwa wakitafutana, na mwenye duka alikubali tuweke orodha ya waliokimbilia kambini. Mimi niliishia darasa la nane. Nilichojua ni kwamba orodha ni faili ya XML, kila jina limefungiwa kati ya lebo mbili, na kwamba haikukaa kwetu. Ilikaa kwenye kompyuta ya Nairobi. Seva yetu, kompyuta kuu ya duka, iliichukua huko na kuwaonyesha watu.

Jina la mume wangu nililiandika mwenyewe: kambini, hai. Siku ya nne baada ya hapo, jeraha alilolipata kwenye ghasia lilimuua. Barabara ya Subukia, kwa mama yake, ilikuwa imefungwa, tukamzika mama hayupo. Niliporudi kazini nikalifuta jina lake kwenye faili ya Nairobi.

Wiki mbili baadaye mama mkwe alipiga simu.

"Jirani amemsoma mwanangu leo kwa kompyuta. Yuko hai. Wewe ulimzika nani?"

Nilifungua ukurasa. Jina lilikuwepo. Nilikuwa nimemwona ndani ya jeneza, lakini kwa muda nilijiuliza kama niliangalia vizuri. Sitadanganya, nilijiuliza.

Nikamwita fundi wa seva.

"Laini ya Nairobi imekatika, mathe. Ikikatika, seva inachukua nakala iliyo Kisumu. Ulifuta kote kuwili?"

"Kwani kuna kwingine?"

"Sasa ulidhani Nairobi ikilala na sisi tunalala?" Kisha akalisoma lile jina. "Pole. Nikufutie?"

Nikampigia mama mkwe kwanza.

"Mama, hiyo ni nakala ya zamani. Niliiandika akiwa bado anapumua."

"Kwa hivyo siku hiyo alikuwa hai kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi usiifute mpaka nije."

Jioni laini ya Nairobi ilirudi, seva ikaacha nakala ya Kisumu, na jina likatoweka bila mimi kugusa kitu. Sikuelewa tena nilikuwa nikilinda nini. Barabara ilipofunguliwa mama akaja, na fundi akaielekeza seva Kisumu kwa mkono ili jina lionekane tena. Mama hakujua kusoma. Aliniuliza lilipo, nikamwonyesha, akaweka kidole juu ya kioo, akakaa hivyo mpaka wateja wakaanza kutuangalia.

"Sasa futa," akasema.

Kidole hakukiondoa. Nililifuta kikiwa palepale.